Majina 72 ya Mnara wa Eiffel: Kwa nini wanasayansi wanawake walisahauliwa, na kutambuliwa leo kunabadili nini?

Mtu anayesimama chini ya Mnara wa Eiffel mjini Paris na kuinua macho hadi chini kidogo ya ghorofa ya kwanza ataona safu ya majina yaliyoandikwa kwa herufi za dhahabu. Ni majina 72, kumi na manane katika kila upande. Gustave Eiffel aliyaweka hapo mnara ulipofunguliwa mwaka 1889 ili kuwaenzi wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa. Wote 72 ni wanaume.

Mwaka 2025 jiji la Paris, chini ya Meya wa wakati huo Anne Hidalgo, lilitangaza azma ya kuongeza majina mengine 72, safari hii ya wanawake waliotoa mchango katika sayansi na ambao wameshafariki. Chama cha Ufaransa kinachotetea nafasi ya wanawake katika sayansi, Femmes & Sciences, kimehusika katika kuandaa mpango huo.

Kwa baadhi ya watu huu ni usahihishaji uliochelewa kwa zaidi ya karne moja. Wengine wanauliza: herufi za dhahabu juu ya chuma zinamsaidia nini mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita? Katika makala hii tunaangalia jinsi majina ya wanawake hao yalivyopotea, nani ameyarudisha, na kwa nini suala hili linawahusu pia wasichana walio katika maabara za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala leo.

Jina linalokosekana

Mfano unaotajwa mara nyingi kuhusu mnara huo ni Sophie Germain, mwanahisabati aliyezaliwa Paris mwaka 1776. Katika zama zake wanawake hawakuruhusiwa kusoma katika chuo maarufu cha ufundi, École Polytechnique. Germain alipata nakala za mihadhara ya chuo hicho na kutuma kazi zake kwa maprofesa kwa jina la mwanafunzi wa kiume, Bwana LeBlanc. Lagrange, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya, alivutiwa na kazi za "kijana" huyo, na baadaye akagundua kwamba alikuwa mwanamke.

Mwaka 1816 Germain alishinda tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa kazi yake kuhusu unyumbufu, yaani jinsi bamba la chuma linavyopinda na kutetemeka. Uelewa wa unyumbufu ni sehemu ya msingi wa uhandisi wa majengo ya chuma. Majina ya wenzake wa zama hizo, Lagrange, Poisson, Navier, Cauchy, yamo juu ya mnara. Lake halimo. Hata cheti chake cha kifo, mwaka 1831, hakikumwandika kuwa mwanahisabati. Kilimtaja kuwa mtu aishiye kwa mapato ya mali yake.

Waliokuwa wakimzunguka walizijua vizuri kazi zake. Kilichokosekana ni nafasi rasmi: cheo, kiti katika chuo, uanachama. Jina hupita kutoka kizazi kimoja hadi kingine kwa njia hizo, na asiye nazo hutegemea kumbukumbu za watu, ambazo huisha nao. Chuo hicho cha Sayansi kilimnyima Marie Curie uanachama mwaka 1911, ingawa tayari alikuwa na Nobel moja na mwaka uleule angepata ya pili. Mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili, mwanahisabati Yvonne Choquet-Bruhat, alichaguliwa mwaka 1979.

Athari ya Matilda

Mwaka 1993 mwanahistoria wa Marekani Margaret Rossiter aliupa mwenendo huu jina: athari ya Matilda. Alilichukua kutoka kwa Matilda Joslyn Gage, mwanaharakati wa karne ya 19 ambaye tayari alikuwa ameandika kuhusu wavumbuzi wanawake waliopokonywa sifa zao. Maana yake ni hii: kazi inapofanywa na mwanamke pamoja na mwanamume, sifa huelekea kwa mwanamume, hata bila mtu yeyote kukaa chini na kupanga iwe hivyo.

Rossiter alilichagua jina hilo kwa makusudi kama jibu kwa nadharia nyingine, athari ya Mathayo, iliyochapishwa na mwanasosholojia Robert Merton mwaka 1968. Merton alieleza kwamba mwanasayansi mwenye jina kubwa huzidi kupewa sifa, hata kwa kazi aliyoshirikiana na wasiojulikana: mwenye nacho huongezewa. Lakini nadharia hiyo ilitegemea kwa kiasi kikubwa mahojiano yaliyofanywa na mtafiti mwanamke, Harriet Zuckerman, na makala ilitoka kwa jina la Merton peke yake. Miaka michache baadaye Merton mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba ilipaswa kubeba majina yote mawili. Ikiwa mtu aliyekuwa akichunguza upotevu wa sifa aliweza kuangukia humo, ni wazi kwamba nia njema peke yake haitoshi.

Jinsi sifa inavyohama

Tukiyapanga matukio yanayojulikana, tunaona njia kadhaa ambazo sifa hupita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Njia ya kwanza ni tuzo. Lise Meitner, mwanafizikia aliyezaliwa Vienna, alifanya kazi mjini Berlin na mkemia Otto Hahn kwa takriban miaka thelathini. Mwaka 1938, akiwa na asili ya Kiyahudi, alilazimika kuikimbia Ujerumani ya Wanazi na kwenda Sweden. Desemba mwaka huo Hahn na Fritz Strassmann walipata matokeo wasiyoweza kuyaeleza: urani iliyopigwa na nyutroni ilitoa bariamu, elementi nyepesi zaidi. Hahn alimwandikia Meitner. Yeye na mpwa wake, Otto Frisch, ndio waliotoa maelezo ya kifizikia kwamba kiini cha atomu kilikuwa kimepasuka. Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 ilikwenda kwa Hahn peke yake.

Kwa kuwa nyaraka za kamati za Nobel hufungwa kwa miaka 50, ni katika miaka ya 1990 tu ambapo wanahistoria waliweza kusoma jinsi uamuzi huo ulivyofikiwa. Walikuta kamati iliyoshindwa kupima mchango wa fizikia katika kazi iliyovuka mipaka ya fani mbili, na iliyomhukumu mkimbizi kwa kutokuwepo maabara siku matokeo yalipopatikana. Leo elementi namba 109 inaitwa meitneri kwa heshima yake.

Njia ya pili ni mpangilio wa majina. Mjini Paris, katika miaka ya 1950, daktari wa watoto Marthe Gautier alirejea kutoka Marekani akiwa na ujuzi wa kukuza seli nje ya mwili. Alianzisha maabara hospitalini karibu bila fedha; alinunua vifaa kwa mkopo na kutumia hata damu yake mwenyewe kutengeneza majimaji ya kukuzia seli. Humo ndimo alimoona kromosomu ya ziada kwa watoto wenye ugonjwa wa Down. Hakuwa na hadubini ya kupiga picha, hivyo slaidi zake zilikabidhiwa kwa mtafiti mwenzake, Jérôme Lejeune. Makala ya mwaka 1959 ilitoka jina la Lejeune likiwa la kwanza na la Gautier la pili, tena likiwa limekosewa kuandikwa. Kwa miongo mingi ugunduzi huo ulijulikana kuwa wa Lejeune. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya utafiti wa afya ya Ufaransa, Inserm, ilieleza kwamba huenda mchango wa Lejeune katika ugunduzi wenyewe haukuwa mkubwa kuliko wa wengine. Gautier alikuwa na umri wa karibu miaka 90 wakati huo. Alifariki mwaka 2022.

Njia ya tatu ni kifo. Alice Ball alikuwa mkemia Mmarekani mweusi, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika Chuo cha Hawaii, mwaka 1915. Akiwa na miaka ishirini na kitu tu alipata njia ya kuyafanya mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra yaweze kudungwa mwilini ili kutibu ukoma. Alifariki mwishoni mwa 1916, akiwa na miaka 24, kabla ya kuchapisha kazi yake. Arthur Dean, mkemia aliyekuwa mkuu wa chuo hicho, aliiendeleza na kuichapisha bila kumtaja. Daktari Harry Hollmann aliyefanya naye kazi aliandika mwaka 1922 kwamba njia hiyo ilikuwa ya Ball, lakini sauti hiyo moja haikutosha. Chuo Kikuu cha Hawaii kiliweka bamba la kumbukumbu yake mwaka 2000, miaka 84 baada ya kifo chake.

Simulizi zisizo nyepesi

Hapa panahitaji uangalifu. Si kila kisa kilikuwa cha wizi, na kuvifunga vyote katika kapu moja kunawapunguzia heshima wanawake wenyewe.

Mfano ni Rosalind Franklin, ambaye picha za eksirei zilizopigwa katika maabara yake zilisaidia kufichua umbo la DNA. Watson, Crick na Wilkins walipewa Nobel mwaka 1962. Franklin alikuwa amefariki kwa saratani mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na kwa kawaida Nobel haikuwa ikitolewa kwa wafu. Hivyo si sahihi kusema kwamba kamati ilimruka siku hiyo. Ni kweli kwamba data zake ziliwafikia Watson na Crick bila yeye kujua, na kwamba kitabu cha Watson cha mwaka 1968 kilimchora kwa dharau. Uchunguzi wa nyaraka uliochapishwa mwaka 2023 unamweleza kuwa mshiriki sawa katika kundi la watu wanne waliolitatua fumbo lile. Kwa maoni yetu hiyo ni heshima kubwa kuliko ile ya kubaki mwathirika tu.

Jocelyn Bell Burnell naye anasumbua simulizi nyepesi. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, aliona alama ndogo ya ajabu katika mamia ya mita za karatasi za darubini ya redio aliyosaidia kuijenga kwa mikono yake. Ilikuwa palsa, nyota inayozunguka na kutoa mawimbi kwa mpigo. Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, na Martin Ryle. Bell Burnell mwenyewe hakulalamika, akisema kwamba msimamizi ndiye hubeba jukumu la mradi. Mwaka 2018 alipewa tuzo maalumu ya dola milioni 3. Alizitoa zote kuwasomesha uzamivu wa fizikia wanafunzi kutoka makundi yasiyowakilishwa vya kutosha, wakiwemo wakimbizi.

Kuna pia Tu Youyou wa China, ambaye kazi yake imefika karibu kila zahanati ya Afrika Mashariki. Anayeandikiwa dawa mseto ya malaria anameza mchanganyiko wenye asili katika artemisinini, kiambata ambacho timu ya Tu ilikitoa katika mmea wa pakanga miaka ya 1970, baada ya kusoma maandiko ya tiba ya Kichina ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Alijaribu dawa hiyo kwanza kwenye mwili wake. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1977 hayakuwa na jina la mtu yeyote. Kilichomficha zaidi ulikuwa mfumo wa siasa uliotukuza kazi ya pamoja, katika mradi wa siri wa kijeshi. Jinsia pekee haitoshi kueleza kilichotokea. Nobel ilimfikia mwaka 2015, akiwa na miaka 84. Katika miongo iliyotangulia, watu wengi waliokuwa wakipona malaria kwa dawa zitokanazo na ugunduzi huo hawakuwahi kusikia jina lake.

Kutoka Olduvai hadi Nairobi

Afrika Mashariki ina visa vyake. Asubuhi ya Julai 17, mwaka 1959, katika Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanganyika, Mary Leakey aliona meno na mfupa vikichomoza ardhini. Mumewe, Louis, alikuwa kambini akiugua homa. Fuvu hilo, lililoitwa Zinjanthropus na ambalo leo limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, lilibadili mtazamo wa dunia kuhusu chimbuko la binadamu. Makala iliyolitangaza katika jarida la Nature mwezi uliofuata ilibeba jina la Louis peke yake, ingawa ndani yake alimtaja mkewe kuwa ndiye aliyelipata. Louis alizunguka dunia akitoa mihadhara na Mary alibaki bondeni akichimba. Ni baada ya kifo cha Louis mwaka 1972, hasa kwa kazi ya Laetoli na nyayo za zaidi ya miaka milioni 3.6, ndipo dunia ilipomtambua kama kiongozi wa utafiti kwa haki yake.

Na hata kisa hicho hakijakamilika. Waliochimba pamoja na familia ya Leakey walikuwa Waafrika wenye macho makali na uzoefu wa miaka mingi, na wachache mno kati yao wanajulikana kwa majina. Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyepata mabaki ya "Mvulana wa Turkana" mwaka 1984, ni miongoni mwa hao wachache. Anayedai haki ya Mary Leakey anafungua pia mlango wa swali hilo, na hawezi kuufunga kabla ya wengine kuingia.

Wangari Maathai anakumbukwa kwa miti na kwa Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Wengi husahau kwamba alikuwa mwanasayansi: mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, katika anatomia ya mifugo. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba aliporudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi ya utafiti, aliikuta kazi hiyo imepewa mwanamume. Baadaye, akiwa mhadhiri, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai marupurupu sawa na ya wanaume, yakiwemo ya nyumba, kwa kuwa utaratibu ulichukulia kwamba mwanamke aliyeolewa hutunzwa na mumewe.

Kisa hiki hakina ugunduzi ulioporwa. Kina barua ya ajira, posho ya nyumba, na nani anahesabiwa kuwa mtumishi kamili. Kwa wengi, jina hupotea katika hatua hizo za mwanzo kabisa, kabla ya kuwepo makala ya kubishania nani atangulie. Aliyekosa nafasi ya kufanya utafiti hawezi hata kuingia katika orodha ya waliosahauliwa.

Herufi za dhahabu zinabadili nini?

Takwimu za UNESCO zinaonyesha kwamba wanawake ni takriban theluthi moja ya watafiti wote duniani. Katika Nobel ya Fizikia, hadi mwaka 2025, ni wanawake watano tu kati ya washindi zaidi ya 220: Marie Curie mwaka 1903, Maria Goeppert Mayer 1963, Donna Strickland 2018, Andrea Ghez 2020 na Anne L'Huillier 2023. Hata Curie nusura aachwe. Kamati ilikusudia kumtuza mumewe, Pierre, pamoja na Henri Becquerel. Pierre alipodokezwa aliandika kusisitiza kwamba mkewe ajumuishwe.

Tunalipata hapo funzo lenye manufaa zaidi kuliko mnara. Curie aliokolewa na mtu aliyekuwa ndani ya chumba, aliyejua ukweli, na aliyesema kwa wakati. Hollmann alisema ukweli kuhusu Alice Ball, lakini alikuwa peke yake na Ball alikuwa ameshakufa. Merton aliusema, lakini baada ya makala kusambaa. Tofauti kati ya visa hivi ni wakati.

Kuwaenzi waliofariki kuna faida. Msichana anayesoma kitabu cha fizikia chenye picha za wanaume watupu hupewa jibu kabla hajauliza swali. Jina kwenye mnara unaotembelewa na mamilioni ya watu kila mwaka linasahihisha jibu hilo. Lakini heshima ya aina hii haimgharimu mtu yeyote. Marehemu haombi cheo, hagombei ruzuku, wala hahoji kwa nini jina lake limewekwa la nne.

Walio hai wanahitaji mambo ya kawaida zaidi: makubaliano ya nani ataandikwa mwandishi wa kwanza, yafanywe utafiti unapoanza; jina la fundi wa maabara na mkusanya sampuli litajwe; likizo ya uzazi isihesabiwe kuwa miaka ya uvivu wakati wa kupandishwa cheo; na mikataba na maabara za nje ieleze wazi data ni za nani. Hatua hizi zingewafaa pia wanaume vijana, hasa wale wanaokusanya sampuli barani Afrika kwa tafiti ambazo majina makubwa yake yako mbali.

Mpango wa Paris utapimwa kwa jambo moja rahisi: kama orodha ya pili ya majina 72 itawafanya wakuu wa maabara wa leo waangalie upya orodha zao wenyewe. Sophie Germain alilazimika kujiita Bwana LeBlanc ili asomwe. Mtafiti kijana wa leo anaandika kwa jina lake halisi, na aliye na uwezo wa kuamua kama litabaki pale lilipoandikwa mara nyingi ameketi ofisi ya jirani.